Riwaya ya Kwanza, kwa Mwenye Simu na Saa Moja kwa Siku

Maswali ni yale yale, na wanaouliza huuliza kwa sauti ya chini kana kwamba wao ndio wa kwanza kukwama. Nianzie wapi? Riwaya ni kurasa ngapi? Sheng inakubaliwa? Nikimtumia mchapishaji, hataniibia? Nimeyajibu kwenye simu, kwenye foleni ya benki, na mara moja matangani. Sasa nayaandika.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika Kiswahili akiwa Nairobi, mwenye kazi au anayehangaika kuitafuta, anayelala chumba kimoja na watu wengine watatu. Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: Barasa, msimamizi wa ploti ya ghorofa saba kule Pipeline. Yeye ndiye anayekusanya kodi, anayefungulia maji, anayetunza funguo. Siku moja mpangaji wa chumba namba 14 analipa kodi ya miezi mitatu kwa mpigo, pesa taslimu, bila risiti, kisha haonekani tena. Barasa nimemtunga, lakini kama umewahi kupanga nyumba Embakasi, unamjua.

KABLA HUJAANZA

Tayarisha vitu hivi:

- Kitu cha kuandikia. Simu inatosha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwa hivyo habari ya kukosa laptopu usiniletee. Ukitumia simu, ingia kwenye mipangilio ya kibodi uzime kule kusahihisha maneno kwenyewe, la sivyo itakugeuzia Kiswahili chako kuwa Kiingereza cha ajabu na hutagundua mpaka sura ya sita.
- Daftari dogo la mfukoni, la kunasa maneno ya watu.
- Kamusi moja, ya TUKI au ya BAKITA, taasisi za Kiswahili za Tanzania.
- Riwaya tatu za Kiswahili ulizosoma ukiwa mtu mzima kwa hiari yako. Zile ulizosomea mtihani usizihesabu, maana ulizisoma ukitafuta dhamira na maudhui.
- Mahali. Kama nyumbani kuna kelele, kuna maktaba ya McMillan pale Banda Street, iliyofunguliwa mwaka 1931, na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Watu wa Buruburu wana maktaba yao pia. Mimi nusu ya kitabu changu cha kwanza niliiandika ndani ya basi lililokwama Jogoo Road.
- Nakala mbili za kazi, mahali pawili tofauti. Kila jioni jitumie kazi ya siku kwa barua pepe. Nasema hivi kwa uchungu: nilinyakuliwa simu dirishani nikiwa kwenye matatu mjini, na sura kumi na moja zikaenda nayo. Simu nilinunua nyingine. Sura ya saba mpaka leo haijarudi ilivyokuwa.

HATUA KWA HATUA

1. Anza na mtu anayetaka kitu

Wengi huniambia, "Nataka kuandika kuhusu ufisadi." Hiyo ni mada ya mdahalo. Niambie ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, na asipokipata atapoteza nini. Jaribu kuyasema yote kwa pumzi moja: "Barasa anataka kulinda kazi yake mpaka bintiye amalize kidato cha nne, lakini kodi ya namba 14 aliila, na sasa mwenye ploti anataka chumba kifunguliwe." Ukisikia swali linachomoza lenyewe (ndani ya chumba kuna nini?) unayo riwaya. Ufisadi utaingia wenyewe, umeshaingia.

Tahadhari: usimpe mhusika mkuu shida asiyohusika nayo. Kama Barasa hakuila ile pesa, angepiga simu polisi na hadithi ikaisha ukurasa wa tatu.

2. Pima safari

Vitabu vya Kiingereza vya ushauri husema riwaya ni maneno 80,000. Usijitese kwa hesabu hiyo. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja: "hatukumwambia" ni neno moja, na Mwingereza angetumia matano. Kwa riwaya ya kwanza lenga maneno 40,000. Ukikadiria maneno 250 kwa ukurasa, hicho ni kitabu cha kurasa 160, kinachosimama vizuri tu rafuni.

Maneno 400 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni 2,000 kwa wiki. Wiki ishirini na umefika. Ukianza Januari, masika yakiisha una rasimu mkononi.

3. Chora vituo

Hapa ndipo watu hugawanyika, wengine wakipanga kila sura kwa jedwali na wengine wakiandika gizani. Mimi huchora vituo kama njia ya matatu. Natoka Pipeline, naishia mjini, katikati kuna vituo sita au saba ambavyo lazima nisimame. Njia za panya nitazijua nikizifikia.

Vituo vya Barasa: anapokea pesa. Miezi mitatu inakwisha, mlango bado umefungwa. Mwenye ploti anapiga simu. Barasa anaingia chumbani usiku peke yake. Anakuta kitu ambacho hawezi kukirudisha mahali pake. Bintiye anajua. Anarudisha funguo. Mistari saba, karatasi moja, ibandike ukutani au uikunje daftarini.

4. Amua nani anasimulia

"Mimi" au "yeye". Nafsi ya kwanza ni rahisi kuanza na ngumu kuimaliza, maana msimulizi anaweza kueleza tu alichokiona. Kama Barasa ndiye "mimi", hatuwezi kujua bintiye anamwambia nini rafiki yake shuleni. Chagua, andika kurasa tano, kisha ziandike tena kwa nafsi ile nyingine. Utajua. Ila ukishaamua usiruke-ruke. Msomaji huchoka upesi anapozungushwa kutoka kichwa hiki kwenda kile ndani ya aya moja.

5. Andika rasimu bila kugeuka nyuma

Rasimu ya kwanza hairudiwi ikiwa njiani. Jina la mtaa umelisahau? Andika ANGALIA kwa herufi kubwa, endelea. Umegundua kwenye sura ya nane kwamba binti anafaa kuwa mvulana? Mgeuze mvulana kuanzia sura ya nane na uache ya nyuma yalivyo mpaka utakaporudi. Nimeona watu wenye sura ya kwanza iliyopigwa pasi mara ishirini na hawana sura ya pili.

Ujanja mmoja: acha kazi ya siku katikati ya sentensi unayoijua itakavyoisha. Kesho utakaa na kuimalizia kabla uvivu haujaamka.

6. Jiponye ugonjwa wa insha

Hatua hii nitakaa nayo kidogo, kwa sababu ndiyo inayoangusha waandishi wengi wa Kenya, na chanzo chake ni sifa tulizomwagiwa utotoni. Tulifundishwa kuandika tukiwinda alama 40. Tukarauka alfajiri na mapema, miale ya jua ikapenya dirishani, ndege wakatumbuiza, tukapiga moyo konde, tukatimua mbio kama swara. Mwalimu akaandika "Hongera" kwa wino mwekundu, na tangu siku hiyo tunadhani ndivyo Kiswahili kizuri kilivyo.

Fungua ukurasa wako wa kwanza. Kama kuna jua linachomoza, lifute. Kisha uliza: huyu mtu anaamka vipi? Barasa huamka kabla ya maji kuja, kwa sababu maji yakija yeye amelala, wapangaji wa chini hujaza mapipa na wa ghorofa ya saba hukosa, na wa ghorofa ya saba ndio wenye midomo. Sentensi hiyo haina tashbihi hata moja lakini umeshaijua ploti.

Methali pia. Hakuna mtu anayetoa methali akiwa amekasirika kweli. Mpe methali mhusika mmoja tu, labda shangazi anayezitumia kukwepa maswali, uwanyime wengine wote. Na tanakali zitumie kama pilipili: "kimya ji" mara moja katika kitabu inasikika. Mara tisa ni kelele.

7. Wape watu midomo yao

Sheng inakubaliwa? Ndiyo, lakini soma hili kwanza. Neno linalovuma Kayole leo linaweza kuwa la wazee miaka mitano ijayo, na kitabu hakibadiliki. Wala huhitaji maneno mengi. Kiswahili cha Nairobi kinajulikana kwa jinsi kinavyofunga sentensi:

"Mzee, hii maji itarudi lini?"
"Ikirudi utasikia watoto."
"Na ile ya jana ilienda wapi?"
"Uliza wa chini."

"Hii maji." Ungeandika "maji haya" msomaji angemweka mpangaji huyu Mombasa mara moja. Ngeli peke yake imefanya kazi, na hakuna neno hata moja la kueleza pembeni. Usimulizi uandike kwa Kiswahili sanifu unachokimudu bila kamusi kila mstari. Mazungumzo yaache yaende yanavyokwenda mtaani.

Tazama pia watu wanavyoitana. Mpangaji mwenye deni humwita Barasa "mzee wangu". Aliyelipa humwita "Barasa", na mwenye ploti "wewe Barasa". Mkewe humwita "Baba Naliaka", isipokuwa siku atakapojua kuhusu ile pesa. Siku hiyo atamwita kwa jina lake la ubatizo na huhitaji kuandika kwamba amekasirika.

Na hapa ndipo lile daftari la mfukoni linapofaa. Panda matatu bila visikizi masikioni. Andika sentensi moja tu kwa safari, ile uliyoisikia kama ilivyotamkwa.

8. Safisha sarufi ya usimulizi

Haya matatu yatashughulikia nusu ya makosa yako.

La kwanza, -li- na -ka-. Anayeanza huandika: "Barasa alipanda ngazi. Alibisha mlango. Alisikiliza. Alishuka." Inasomeka kama taarifa ya polisi. Lugha yetu ina kiungo chake: "Barasa alipanda ngazi, akabisha mlango, akasikiliza, akashuka." Halafu ukiwa umemzoesha msomaji mwendo huo, ukatize unapotaka ashtuke: "Akabisha, akangoja, akabisha tena. Mlango ulikuwa wazi."

La pili, "ambaye" kila mahali. "Mtu ambaye alilipa" ni "aliyelipa". Tafuta "amba" kwenye faili lako lote, na ufute kila panapowezekana.

La tatu ni "yeye" asiyejulikana. "Alimwambia kwamba anamjua." Nani anamjua nani? Kiswahili hakitofautishi mke na mume kwenye kiambishi, kwa hivyo penye watu wawili rudisha jina, cheo au kazi: mama mboga, fundi, mwenye ploti. Lakini huo huo udhaifu ni mali. Mpangaji wa namba 14 alilipa, aliondoka, aliacha viatu chini ya kitanda. Mwanamume au mwanamke? Unaweza kumficha kwa kurasa tisini bila kudanganya hata mara moja, na msomaji atakuwa ameshajiamulia kwamba ni mwanamume. Mwandishi wa Kiingereza angetoka jasho kufanya hivyo. Wewe umepewa bure.

9. Weka kando, kisha soma kwa sauti

Ukimaliza rasimu usiiguse kwa wiki tatu. Kisha itoe chapa, kwa herufi kubwa na nafasi pana kati ya mistari, na uisome kwa sauti ukiwa na kalamu nyekundu. Ulimi unapogonga, sentensi ina kasoro hata kama hujui ni ipi. Ulipochoka mwenyewe, msomaji alishaondoka zamani.

Mara nyingi utagundua hadithi inaanza sura ya pili. Sura ya kwanza ilikuwa wewe unajipasha moto. Itoe. Najua inauma.

10. Tafuta wasomaji watatu

Asiwepo mama yako wala mchumba. Mmoja awe mtu asomaye sana, mmoja asiyesoma vitabu kabisa, na mmoja anayeijua kazi au mtaa unaoandika, kwa mfano mtu aliyewahi kukusanya kodi kwenye ploti. Usiwaulize kama wamependa. Waulize walifunga kitabu ukurasa gani kwenda kufanya kitu kingine. Wawili wakitaja ukurasa mmoja, nenda pale.

11. Kuituma

Hofu ya kuibiwa kwanza. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kazi ni yako tangu unapoiandika, na ulinzi wake ni maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Kuisajili kwa KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kunakupa ushahidi ukihitaji kushtaki, si sharti la umiliki. Kusema kweli, ugumu uko kwa mchapishaji kukusoma. Kukuibia ni shughuli zaidi.

Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya ya watu wazima isiyolenga darasa huwapa wasiwasi. Kabla ya kutuma, tazama vitabu vyao vya karibuni uone kama chako kingekaa hapo. Maonyesho ya vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida huwa Sarit Centre mwezi Septemba, ni mahali pazuri pa kushika vitabu hivyo na kumuuliza mhariri uso kwa uso wanapokea nini. Tuma barua fupi, muhtasari wa ukurasa mmoja na sura tatu za mwanzo, isipokuwa wamesema vinginevyo. Kuna pia Tuzo ya Kiswahili ya Safal, iliyoanza mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inayopokea miswada ambayo haijachapishwa. Masharti yasome upya kila mwaka.

Ukiamua kujichapishia, ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Taifa. Na kabla hujalipa mpiga chapa, dai nakala moja kamili, uifungue ukurasa kwa ukurasa. Mimi niliruka hatua hiyo. Nikaletewa katoni za vitabu 200 ambavyo ukurasa wa 64 unafuatwa na wa 81: karatasi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu zima lilisahaulika wakati wa kufunga. Tulibishana wiki mbili kabla hajakubali kurudia. Anayekuomba pesa ili "akusome" au "akuunganishe", mpite kama hujamsikia.

UKIKWAMA

"Nimefika ukurasa wa 40 na nimeichoka hadithi."
Huenda mhusika wako amestarehe. Barasa akiwa na miezi mitatu ya utulivu, hata mimi nalala. Mlete mwenye ploti wiki mbili mapema, na aje na fundi wa kufuli.

"Hadithi imeisha na maneno ni 9,000."
Umefupisha. Tafuta sentensi za aina ya "baada ya miezi mingi ya taabu" na "walizozana mpaka usiku." Kila moja ni onyesho ulilolikwepa. Lifungue: wapi, nani alisimama, nani alikaa, chai ilipoa au ilimwagika. Kama umefanya hivyo na bado ni fupi, basi una hadithi fupi, nayo haina aibu yoyote.

"Wahusika wote wanaongea kama mimi."
Ficha majina kwenye mazungumzo na umpe rafiki akisie nani anasema. Akishindwa, mpe kila mtu neno analolikwepa. Barasa, kwa mfano, hasemi "pesa". Husema "ile kitu".

"Kiswahili changu si cha pwani."
Basi usimweke Barasa Lamu. Andika Nairobi ulivyoisikia, na pale unapokuwa na shaka na neno, tumia la kawaida unalolijua. Msomaji husamehe neno la kawaida upesi kuliko neno gumu lililowekwa kombo.

"Mjomba wangu atajitambua."
Badilisha kazi, kaunti na umbo. Ajabu ni kwamba watu hujitambua kwenye mhusika asiyewahusu kabisa. Binamu yangu alininunia mwaka mzima kwa sababu ya mlevi niliyemtunga, ilhali yule mchungaji mpole ndiye niliyemchukua kwake.

"Stima zinapotea kila jioni."
Andika asubuhi kabla ya wenzako kuamka, au kwa kalamu. Kunakili kutoka daftarini ni uhariri wa kwanza wa bure.

"Nimeandika mwisho lakini sijui kama umeisha."
Tafuta mahali mhusika anapofanya jambo la mwisho asiloweza kulirudisha. Kwa Barasa ni pale anapoweka funguo mezani kwa mwenye ploti, ya namba 14 ikiwa juu. Kila kilicho baada ya hapo, ile aya ya anavyotembea akitafakari maisha, ile ya binti miaka kumi baadaye, ihamishie kwenye faili jingine. Soma tena kesho yake, ukiishia kwenye zile funguo.